Mfupa wa Muundi na Haki ya Maskini



Huenda mtashangaa kuona Tume ya Haki na Amani ikiandika juu ya mfupa. Mmezoea kutusikia tukizungumzia mashamba yaliyoporwa, bei ya kahawa, wajane wanaofukuzwa katika nyumba walizozijenga pamoja na marehemu waume zao, na mambo ya uchaguzi. Safari hii tunazungumzia mfupa mmoja tu, ule mrefu ulio kati ya goti na kifundo cha mguu, ambao wengine huuita muundi na wengine ugoko. Katika wilaya zetu mbili, Mbinga na Nyasa, mfupa huo ukivunjika, ukubwa wa jeraha hauamui peke yake kama mtu atatembea tena sawasawa. Huamua pia mahali alipoangukia, fedha iliyomo nyumbani kwake siku ile, na kuwapo kwa mtu anayeijua sheria wa kumsemea. Mambo hayo matatu hayamo katika vitabu vya udaktari, nayo ndiyo kazi ya Tume hii.

Mtu wa ofisini aweza kuishi na mguu uliopinda kidogo, na mshahara wake ukaja mwisho wa mwezi kama kawaida. Katika milima ya Umatengo haiwezekani. Ngoro huchimbwa kwenye mteremko mkali, mkulima akiwa ameweka mguu mmoja juu na mwingine chini, akifunika majani kwa udongo, shimo baada ya shimo, toka asubuhi hadi jua kali. Kahawa huchumwa na kubebwa begani katika vijia vya utelezi hadi kwenye mashine ya kumenyea. Kule ziwani, kuanzia Lituhi hadi Chiwanda, mvuvi husukuma mtumbwi juu ya mchanga na kuvuta nyavu akiwa amekaza miguu yote miwili majini. Na mama anayeteka maji, kutafuta kuni na kubeba muhogo kichwani hana mguu wa akiba. Muundi wa mmoja ukiunga vibaya, ukafupika kwa upana wa vidole viwili, nyumba nzima huchechemea: shamba hulimwa nusu, na mtoto mkubwa huacha shule ili ashike jembe la baba yake. Kila Ijumaa Kuu tunasikia katika Injili ya Yohane jinsi askari walivyowavunja miguu wale wawili waliosulubiwa pamoja na Bwana, ili wafe upesi. Warumi walijua vizuri kwamba aliyevunjwa miundi hawezi tena kujiinua.

Zamani mfupa huu ulivunjwa na mti ulioangushwa vibaya, na utelezi wa mlimani, au na mpira wa miguu Jumapili alasiri. Hayo bado yapo. Lakini kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo, kisha lami ikafika Mbinga kutoka Songea, na baadaye ikateremka kilomita 66 hadi Mbamba Bay. Kuanzia hapo sura ya ajali imebadilika. Hatuilaumu lami. Tuliiomba kwa miaka mingi, na leo mama mjamzito wa Mbamba Bay hupandishwa Mbinga kwa muda ambao babu zetu wangeuona kuwa ni muujiza. Lakini barabara ile ina kona na miteremko, nayo huwakuta juu yake vijana wasio na leseni, waliopakia abiria wawili na gunia katikati yao, na malori mazito yasiyoweza kusimama ghafla. Bampa la gari huja karibu na usawa wa muundi wa mtu aliyesimama. Na pikipiki inapolala, mguu wa dereva au wa abiria ndio unaobaki chini yake.

Yafaa tueleze kidogo jinsi mfupa huu unavyotibiwa, kwa maana asiyejua hawezi kudai. Paja limezungukwa na nyama pande zote. Muundi, kwa upande wa mbele, umefunikwa na ngozi tu, na kila msomaji aweza kuupapasa sasa hivi. Ndiyo sababu ukivunjika, ncha yake hutoboa ngozi kwa urahisi, na vumbi, majani na samadi huingia ndani. Aidha, damu inayofika sehemu yake ya chini ni haba, kwa hiyo huchelewa kuunga kuliko mifupa mingine mingi.

Kama ngozi haikutoboka, na vipande vya mfupa vimetulia mahali pake, plasta yatosha mara nyingi, ile ambayo watu huiita hogo. Hufungwa toka pajani hadi karibu na vidole, kisha baada ya wiki kadhaa hubadilishwa kuwa fupi, na miguu mingi ya namna hiyo hupona vema. Tunalisema hili waziwazi ili asije mtu akaambiwa kwamba amedhulumiwa kwa kuwa tu alifungwa plasta. Lakini yapo mavunjiko ambayo vipande vyake huteleza, huzunguka au hupandiana kila mgonjwa anapogeuka kitandani. Hapo plasta hushindwa. Mgonjwa hulala miezi, goti hukakamaa, na mwisho wa yote mguu huwa mfupi au umepinda.

Kwa mavunjiko hayo upo msumari wa ndani ya mfupa. Usimfikirie seremala. Ni fimbo ya chuma kisichoshika kutu, nyembamba kama kidole na ndefu karibu sawa na muundi wenyewe. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, au hupewa dawa ya usingizi. Daktari hupasua kidogo chini ya pia ya goti, hufungua njia katika kichwa cha mfupa, hupanua tundu la uboho, kisha huiteremsha fimbo ile ndani, ikapita mahali palipovunjika na kufika karibu na kifundo. Skrubu hupitishwa toka upande mmoja hadi mwingine, juu na chini ya mvunjiko, ili mfupa usizunguke wala usifupike. Chuma hakiungi mfupa. Hushikilia tu, na mwili wenyewe ndio unaounga. Faida yake ni kwamba mgonjwa huanza kukunja goti baada ya siku chache, na kutembea kwa magongo mapema, badala ya kuyatazama mabati ya wodi msimu mzima. Kwa watoto ambao mifupa yao bado inakua, msumari wa namna hii hautumiki. Wao wana njia nyingine, na mifupa yao, kwa neema ya Mungu, huunga upesi.

Aliyeanzisha ufundi huu ni daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, mwaka 1939, vita kuu ya pili ilipokuwa imeanza. Wanajeshi wa Uingereza na Marekani waliotekwa na kutibiwa kule walirudi kwao wakiwa na chuma ndani ya paja, na madaktari wao walipoziona picha za eksirei walistaajabu. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba kifaa kilichopata sifa kwa kuwainua askari wa vitani ndicho tunachokiomba leo kwa ajili ya mchuma kahawa wa Maguu.

Kwa muda mrefu tiba hii ilikuwa ya matajiri. Si kwa sababu ya chuma chenyewe tu, bali kwa sababu ilihitaji mashine ya eksirei ya kuonyesha picha wakati upasuaji ukiendelea, ili daktari aone tundu la skrubu liko wapi ndani ya mfupa. Mashine hiyo ni ghali, yataka umeme usiokatika na fundi wa kuitengeneza. Mwaka 1999 daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi kule Vietnam, alianzisha shirika la SIGN katika mji wa Richland, jimbo la Washington. Msumari wao hufungwa pamoja na mkono wa chuma unaokaa nje ya mguu na kuonyesha pa kutoboa, kiasi kwamba daktari aliyefundishwa aweza kuufunga hata pasipo mashine ile. Hospitali zilizokubaliwa hupewa misumari bila malipo kwa ajili ya wagonjwa maskini, kwa sharti kwamba daktari atume taarifa na picha za kila mgonjwa. Ndipo hutumiwa misumari mingine kufidia iliyotumika. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, imeutumia msumari huu kwa miaka mingi.

Basi hatuzungumzii ndoto. Jambo linalofanyika Dar es Salaam kwa Mtanzania maskini laweza kufanyika Ruvuma kwa Mtanzania maskini.

Hata hivyo hatutaki kuwauzia waamini wetu matumaini ya uongo. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa madaktari wa MOI na wenzao wa Marekani, ukiongozwa na Dkt. Billy Haonga. Waliwafuatilia wagonjwa 240 waliovunjika muundi na ngozi ikatoboka. Wengine waliwekewa msumari wa ndani, wengine vyuma vya nje, vile vinavyochomoza mguuni kama antena. Waliowekewa msumari walipata miguu iliyonyooka zaidi, na katika wiki za mwanzo hali yao ilikuwa nafuu. Lakini baada ya mwaka mmoja, ilipohesabiwa idadi ya waliofariki au waliolazimika kupasuliwa tena kwa sababu ya usaha, mfupa kutounga au mguu kupinda, tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kwamba njia moja inaishinda nyingine.

Sisi tunajifunza hapa jambo ambalo wapenda vifaa vipya hulisahau. Kwa mguu uliotoboka ngozi, lililo muhimu kuliko chuma chochote ni saa za mwanzo: dawa ya kuua vijidudu itolewe mapema kabisa, jeraha lioshwe kwa maji mengi safi na nyama iliyokufa iondolewe, chanjo ya pepopunda itolewe, na kidonda kisishonwe kwa haraka ili kipendeze machoni. Kazi ya kuanzia yaweza kufanyika karibu. Zahanati iliyo na dawa ya sindano, banzi safi na mtumishi aliyefundishwa yaweza kuuokoa mguu ambao hospitali kubwa ya mbali haitaweza kuuokoa kesho kutwa. Kwa hiyo anayedai msumari Songea huku zahanati ya kijiji chake haina dawa ameanza kujenga nyumba kwa paa. Tudai vyote viwili, lakini tujue kipi kinatangulia.

Hapa hatuna budi kuzungumza juu ya wahazigi wetu, wale mafundi wa kuunga mifupa walioko vijijini. Wapo miongoni mwetu wanaowaita wachawi. Tunaona si haki. Wengi wao ni watu wa ibada, wanaofanya kazi kwa kuku au debe la mahindi, na wameunga mikono na mbavu za wengi kabla hospitali hazijafika. Mgonjwa huwaendea kwa sababu wapo karibu, hawadai fedha kwanza, na huzungumza naye kama mtu. Hospitali zetu zingejifunza hayo, foleni kwa mhazigi ingepungua yenyewe. Lakini yapo mambo mawili yasiyo na mjadala, na viongozi wa jumuiya wayazungumze nao kwa heshima, kama mtu azungumzavyo na mzee wake. La kwanza: mguu uliotoboka ngozi usifungwe majani wala kuchuliwa, uende hospitali siku ile ile. La pili: mabanzi ya mianzi yasikazwe kiasi cha kuzuia damu. Mguu uliovunjika huvimba. Ukibanwa, iwe kwa mianzi au kwa plasta ya hospitali, damu hushindwa kupita, na nyama hufa. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi pale vidole vinaponyooshwa, basi kamba ikatwe mara moja, na plasta ipasuliwe. Tumewaona vijana waliokatwa miguu kwa kosa hilo tu, na wangeweza kuwa uwanjani leo.

Turudi kwenye umbali. Hospitali za Kanisa hazikosekani kwetu: Litembo iko milimani, ndugu zetu Waanglikana wana hospitali ya Mtakatifu Anna pale Liuli, na Wabenediktini walijenga Peramiho, nje kidogo ya Songea. Ipo pia hospitali ya rufaa ya mkoa. Hata hivyo mgonjwa akiambiwa kwamba sharti aende MOI, anaambiwa asafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea akiwa na mfupa unaocheza, pamoja na ndugu wa kumhudumia, nauli, chakula, na mahali pa kulala katika mji wasikojulikana. Wengi hurudi nyumbani kimyakimya. Katika daftari la hospitali huandikwa kwamba mgonjwa alikataa rufaa. Neno hilo «alikataa» linatuudhi. Mtu asiye na nauli hakukataa kitu.

Maoni yetu ni haya. Isidaiwe kwamba kila hospitali ifunge misumari. Upasuaji huu hautaki haraka wala majaribio. Chumba cha upasuaji kisicho safi huingiza usaha ndani ya uboho, na usaha wa mfupa ni mateso ya miaka. Daktari anayefunga msumari mmoja kwa mwaka hawezi kuwa fundi mzuri. Lakini mkoa wa Ruvuma, wenye eneo kubwa namna hii, haufai kukosa mahali ambapo mvunjiko mbaya wa muundi hupewa tiba kamili mwaka mzima. Wenye hospitali za Kanisa na wa Serikali wakae meza moja, wachague mahali, wamsomeshe daktari na muuguzi wa chumba cha upasuaji, na waweke utaratibu wa kuandika taarifa. Makubaliano kati ya Serikali na makanisa juu ya huduma za jamii yalitiwa saini mwaka 1992. Msingi wa kukaa pamoja upo. Kuna wasemao kwamba misumari ya msaada itatufanya ombaomba. Huenda. Lakini tunaona kwamba sharti la kutuma taarifa za kila mgonjwa, ambalo madaktari wengine hulilalamikia kuwa ni mzigo, ndilo zuri kuliko msaada wenyewe, kwa kuwa humlazimisha mtu kumtazama tena mgonjwa aliyemtibu.

Kuhusu malipo, tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za Serikali mwaka 1993, tumezoea kuuliza swali la fedha kabla ya swali la maumivu. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliyataja matunzo ya afya miongoni mwa haki za mtu. Hakuyataja kuwa zawadi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, na hatuna budi kuifuatilia kwa macho mawili: bima inayolipa dawa ya malaria na kuuacha mguu uliovunjika kwa mgonjwa mwenyewe haijawa ya wote.

Lakini ipo fedha nyingine ambayo tayari ni ya mgonjwa kisheria, nayo hupotea kwa sababu hakuna anayeiuliza. Kila chombo cha moto barabarani, pikipiki ikiwamo, chapaswa kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine. Abiria aliyevunjika, au mtembea kwa miguu aliyegongwa, aweza kuidai kampuni ya bima ya chombo kilichomuumiza. Dereva mwenyewe bima hiyo ndogo haimlindi, na vijana wetu wa bodaboda waambiwe ukweli huu kabla ya kuanza kazi. Vivyo hivyo, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umekuwa ukifanya kazi tangu mwaka 2015. Kibarua wa kiwanda cha kahawa au utingo wa lori aliyeumia akiwa kazini asikubali kupewa nauli na kuagwa.

Na hapa lipo jambo tunalolichukia. Baada ya ajali, kabla hata uvimbe haujashuka, huja ujumbe wa wazee: tumalizane kifamilia. Hutolewa shilingi kidogo, pengine na mbuzi, na mgonjwa huweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Mwezi wa tatu mfupa haujaunga, fedha imekwisha, na mwenye gari huonyesha karatasi. Kusamehe ni wajibu wetu wa kikristu, wala hatulipingi hilo. Lakini anayesamehe sharti ajue anasamehe nini, na hakuna ajuaye gharama ya muundi uliovunjika kabla haujaunga. Kiongozi wa jumuiya akiitwa kushuhudia karatasi ya namna hiyo wiki ya kwanza, akatae kutia sahihi.

Badala yake, afanye kazi ndogo zifuatazo, ambazo hazihitaji mwanasheria. Aandike namba ya chombo na namba ya stika ya bima. Ahakikishe polisi wametoa fomu ya PF3, ingawa matibabu ya kuokoa mguu yasingoje fomu. Atunze risiti zote katika bahasha moja, nauli na machela zikiwamo. Amwombe daktari aandike kwa maneno yanayosomeka ni mfupa gani, umetibiwaje, na mgonjwa atakuwa nje ya kazi kwa muda gani. Kina mama wa WAWATA wamekuwa hodari wa kupika chakula cha wagonjwa. Tunawaomba sasa waongeze bahasha hiyo. Na mgonjwa aliyefungwa msumari akirudi nyumbani, asilazwe kitandani kwa huruma. Akiwa ameambiwa na daktari akanyage, na akanyage, hata akilia. Akiona usaha au homa, arudishwe bila kungoja siku ya kliniki.

Mwisho, tunawaomba makatibu wa halmashauri za walei katika parokia zote, za milimani na za ziwani, watuletee kabla ya mavuno ya kahawa hesabu ya watu waliovunjika miundi katika vigango vyao kwa mwaka mmoja uliopita. Yasitajwe majina. Ielezwe tu umri, kazi, aliumia vipi, alitibiwa wapi, siku ngapi zilipita kabla hajaonwa na daktari, alilipa kiasi gani, alilipwa kiasi gani, na kama sasa anatembea. Tutaipeleka hesabu hiyo kwa Baba Askofu, kwa waganga wakuu wa wilaya zote mbili na kwa bodi za hospitali, na tutaomba majibu yao kwa maandishi.